Jina Nililoliacha Nje ya Habari

Mwanangu Kemilembe,

Gaspari amesema leo saa kumi na mbili jioni, akiwa amesimama nje ya mlango wetu wa jikoni, kwamba ndiye atakayekusindikiza kesho hadi Omurushaka, na kwamba ni wewe uliyemwomba. Nimemuuliza mama yako, naye amethibitisha. Sanduku lako la bati litafungwa kwenye keria ya baiskeli yake, wewe utapanda ya kwako, na mtaondoka saa kumi na moja alfajiri ili muwahi basi la Bukoba la saa nne. Kuhusu mimi Gaspari alisema: "Mwandishi atabaki na mbwa."

Nilikuwa nimeshapiga pasi suruali. Tangu Jumanne nilikuwa nimeongea na dereva wa pikapu, mimi na wewe tukae mbele pamoja naye, sanduku nyuma. Nimemtumia ujumbe asije.

Barua hii nitaiweka ndani ya daftari lako jipya, lile lenye jalada la bluu, na najua hutalifungua kabla ya kuingia melini. Mambo ya sabuni, chandarua na wavulana wa chuoni Mwanza mama yako ameyaeleza kwa siku nne mfululizo, sina la kuongeza. Mimi nina habari moja tu, na ni ya zamani. Kazi yangu imenizoesha kuanza na jambo lenyewe, kwa hiyo naanza nalo. Ile habari ya gazetini kuhusu safari yenu ya baiskeli, wahariri hawakuigusa hata nukta. Sentensi iliyokuudhi niliiandika mimi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulipokuwa na miaka mitano vita vilianza upande wa Kagera, nami nikaondoka kufuata habari. Nilikaa huko kuliko nilivyohitajika. Ukweli ni kwamba nilipenda kazi ile, na kila waliponiuliza kama nataka kurudi nyumbani nilisema bado. Katika miezi hiyo uliugua surua. Gari halikuwepo. Gaspari wakati ule, kabla hajawa fundi baiskeli, alikuwa kibarua anayechuma kahawa kwenye kibanja chetu, shamba letu la kahawa na migomba, mtu aliyekuja kutoka Rwanda akiwa kijana, hana shamba, hana mke, ana baiskeli moja. Alikufunga mgongoni kwa kanga ya mama yako, kama mwanamke, akakupeleka hospitali ya Nyakahanga kwa baiskeli. Mama yako alimfuata kwa miguu akafika siku ya pili. Niliporudi nilisimuliwa yote hayo na watu wawili tofauti, na maelezo yao yalilingana. Wewe ulijificha nyuma ya mama yako ukauliza mgeni huyu ataondoka lini.

Sikumshukuru Gaspari. Niliona kwamba nikimshukuru nitakuwa nimekiri kuwa sikuwepo. Hilo ndilo kosa la kwanza, na mengine yote yamezaliwa humo.

Kuna jambo ambalo hujui kwamba nililisikia. Mimi uliniita Baba, kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka Kiswahili nyumbani. Nilisema mtoto wa mwandishi asiongee kama mchunga mbuzi. Gaspari ulimwita Tata. Mara ya kwanza nilipolisikia jina hilo ulikuwa na miaka tisa, mpo nje ya uzio, unamwomba akuonyeshe jinsi ya kuziba pancha. Tata, ulisema, na kwa Kinyambo hakuna baba mwingine zaidi ya huyo. Nilikuwa nanyoa ndevu. Nilijikata, na mama yako alipouliza nikamwambia wembe ni mbovu.

Yeye hakudanganyika. Aliniambia, "Mwanaume mzima unamwonea wivu mtu mwenye mbwa watatu na suruali moja."

Nikamjibu kwamba suruali anazo mbili. Nilikuwa nimezihesabu.

Ndipo ukaja mwaka juzi. Vijana wa usharika walipanga safari ya baiskeli ya hisani kutoka hapa Songambele hadi Nyakahanga, kwa ajili ya wagonjwa wasio na ndugu wa kuwapikia. Masharti unayakumbuka: kila mpandaji abebe mwenyewe kile ambacho kijiji chake kimetoa. Maharage, mablanketi, sabuni, ndizi. Asiyefika na mzigo wake ahesabiwe hakufika. Wavulana kumi na mmoja walijiandikisha, na msichana mmoja. Katika kikao cha wazee mmoja alisema msichana ataangusha maharage ya watu njiani. Nilikuwepo kikaoni na daftari mkononi. Nilimnukuu neno kwa neno, sikumjibu. Ulinitazama ukidhani naandika cha kumjibu.

Wiki ile nilisafiri hadi Bukoba nikakununulia baiskeli mpya ya Kichina, nyeusi, yenye kengele. Niliirudisha juu ya lori nikiwa nimeishikilia njia nzima. Ulishukuru vizuri sana, kwa magoti mawili. Halafu ukaenda kwa Gaspari ukaendelea kufanya mazoezi kwa ile baiskeli yake kuukuu, iliyozungushiwa tyubu kwenye kiti. Ulinieleza kwa adabu kwamba ya kwangu keria yake ni nyembamba, itapinda kwa mzigo. Nilisema hewala. Nilimuuliza fundi wa Rubwera kwa siri, kwa kuwa sitegemei chanzo kimoja, naye akasema keria ile itapinda kabla ya kilima cha kwanza. Ilinichukua siku tatu kumsamehe fundi wa Rubwera.

Sijui kuendesha baiskeli, Kemilembe. Hilo nadhani unalijua, lakini hatujawahi kulitamka. Baba yangu alisema mtu mwenye heshima hutembea, nami nikaliamini neno hilo hadi umri wa kuona haya kuanguka mbele za watu. Nimeandika habari za wilaya hii nzima kwa miguu na kwa lifti. Kwa hiyo mtu alipotakiwa kumfundisha binti yangu kupanda mlima na mzigo, mtu huyo hakuweza kuwa mimi, hata bila vita, hata bila surua.

Nilikuwa nawasikia mkipita kila saa kumi. Mbwa walitangulia, kisha wewe unasukuma baiskeli, kisha yeye. Mlipita katikati ya vibanja vya watu kimya kabisa, kwa sababu alikuwa amejaza nyasi ndani ya njuga za mbwa ili zisiwashtue mbuzi. Mkishafika kwenye rweya, kule kwenye majani mafupi ambako hakuna mgomba, alizitoa nyasi, na njuga zikaanza kusikika hadi barazani kwangu. Nilikuwa nakaa pale na chai inapoa, nikipima kwa mlio ule mko wapi. Mnashuka mtoni. Mnapanda. Mmesimama. Kwa nini wamesimama muda wote huo, wanaongea nini?

Na alikuwa akiita mbwa wake. "Tibamanya! Tibamanya!" Hawajui, hawajui, kila jioni, mbele ya uzio wa mtu ambaye kazi yake ni kujua. Unafahamu desturi yetu. Mtu akiwa na neno kwa jirani na hataki ugomvi, humpa mbwa wake neno hilo liwe jina, akamwita kwa sauti. Nilikuwa na hakika kwamba neno lile ni langu. Nilifikiria kununua mbwa na mimi nimpe jina la kujibu. Mama yako alisema nikileta mbwa ndani ya kibanja chake kwa sababu hiyo, ataanza yeye kuniita mimi kwa jina la mbwa.

Wiki ya pili ya mazoezi niliwafuata. Ninaandika hili kwa mara ya kwanza na sitaliandika tena. Nilipita nyuma ya kibanja cha jirani nikasimama kati ya migomba, mahali pa kuona ule mteremko mrefu bila kuonekana. Mwandishi wa miaka yangu, nimevaa viatu vya ngozi, nimejificha. Ulikuwa na mikungu miwili ya ndizi, mmoja kila upande wa keria. Gaspari alikuwa amefunga fimbo kwenye usukani, akakuonyesha jinsi ya kusukuma mlimani: mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine nyuma ya kiti, mwili umeinama, macho kwenye tairi la mbele na siyo kileleni. Alibeba madumu ya rubisi, pombe ya ndizi, miaka mingi kwenye njia ile, hiyo ndiyo elimu yake. Wakati wa kushuka, breki ikichoka, ulikanyaga tairi la nyuma kwa kiatu chako cha katambuga. Alikuambia umtazame mbwa: akitoa ulimi, nawe upumzike, kwa kuwa mbwa haoni aibu kuchoka.

Uliteremka ukiwa unacheka. Sikuwahi kukuona ukicheka hivyo, mdomo wote wazi. Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho mimi kukuchekesha. Nilipata siku moja, na siku hiyo nilikuwa nimeteleza kwenye tope.

Ndipo njuga ikasikika karibu. Tibamanya alikuwa amesimama mbele yangu, hatua mbili. Hakubweka. Alinitazama akitikisa mkia kama mtu anayefahamiana nami vizuri, na kila mkia ulipokwenda mwili wote ulikwenda, na njuga ikalia. Nilimfukuza kwa mkono. Alidhani ni mchezo. Gaspari alikuja kumfuata akaona viatu vyangu kabla ya kuniona mimi.

Alisema taratibu, "Mwandishi, umepoteza kitu?"

Nikamwambia natafuta jani la mgomba la kufungia chakula. Tulikuwa na migomba mia mbili nyumbani.

Aliinama, akang'oa nyasi, akazijaza ndani ya njuga ya mbwa mpaka ikanyamaza. Akanionyesha kwa kidevu. "Pitia huku chini. Huku haonekani mtu."

Nilipokuwa naondoka nilikusikia ukiuliza kutoka bondeni mbwa ameona nini. Akakujibu, "Kanga tu, amesharuka."

Hakuwahi kukuambia. Nimelithibitisha leo, nimemuuliza. Miaka miwili mizima ametunza aibu yangu, na mimi badala ya kumshukuru niliichukia ile huruma yake. Ukiwa na deni la fedha unajua siku ya kulimaliza. Mtu aliyekuona umejificha migombani na akanyamaza, unamlipa nini?

Siku ya safari nilitangulia kwa lori la mfanyabiashara nikawasubiri Nyakahanga. Wavulana wanne walifika bila mzigo kamili. Mmoja aliangusha maharage, naye alikuwa mtoto wa yule mzee wa kikao. Hilo liliandikwa, na nililiandika kwa furaha kubwa. Wewe ulifika wa sita. Mablanketi yako yalikuwa makavu kwa sababu yalifungwa ndani ya nailoni na kisha ndani ya jani, mafundo manne, mafundo ya Gaspari. Wauguzi walikupigia makofi, mmoja akakuuliza nani amekufundisha kubeba hivi. Nilikuwa hatua tatu nyuma yako, kalamu iko tayari. Ulisema, "Tata."

Yule muuguzi alinigeukia mimi. Alijua mimi ni baba yako. Akasema, "Hongera, Mwandishi, umefundisha." Nami nikasema, "Asante."

Habari niliandika jioni ileile. Nikaandika: *Kemilembe, msichana pekee katika msafara, alifanya mazoezi kwa wiki sita akifundishwa na baba yake.* Niliisoma mara mbili kama ninavyosoma kila ninachotuma. Nilijua ni uongo nilipoianza, nilipoimaliza, na nilipobandika stempu. Hakuna mtu aliyenishika mkono. Katika miaka yote ya kazi nimekosea majina, nimekosea vyeo, niliwahi kumzika mtu aliyekuwa hai na nikaomba radhi. Hayo yalikuwa makosa ya haraka. Hili nililifanya bila haraka yoyote.

Gazeti lilipofika ulilisoma umesimama. Nilikuwa nakutazama. Ulisema, "Baba, wahariri wamekosea." Mlango ulikuwa wazi kabisa hapo, mwanangu. Nilihitaji neno moja. Nikasema, "Wahariri ndivyo walivyo."

Na wewe ukaenda na gazeti kwa Gaspari, kwa kuwa hajui kusoma na alikuwa amekuomba umsomee. Nilikuona ukiondoka nalo. Ningeweza kukuita. Baadaye ulimweleza mama yako yaliyotokea huko, na mama yako akanieleza mimi bila kunitazama: ulifika kwenye sentensi ile, ukasita, ukafikiri kuiruka, kisha ukaisoma kwa sababu umefundishwa kusoma kilichoandikwa. Ukamwomba radhi kwa niaba ya wahariri. Gaspari akasema gazeti ni refu, mtu hawezi kuingia lote, na akakuuliza kama wameandika kuhusu mbwa.

Alijua. Mtu asiyejua kusoma alijua nani aliandika, kwa sababu alikuwa ameshanikuta migombani.

Tangu hapo nimejaribu kukuambia mara tatu. Mara moja tulikuwa tunaanika kahawa, ukaniuliza kwa nini nimenyamaza, nikasema jua kali. Mara ya pili ni siku barua ya chuo cha uuguzi ilipofika, nikaona nisiharibu siku yako. Huo ulikuwa udhuru mzuri kuliko yote na ndio uliokuwa wa uongo zaidi. Mara ya tatu ni leo. Ulikuwa umekaa jikoni unapaka mafuta cheni ya baiskeli ile kuukuu, ambayo sasa amekupa iwe yako, yeye akabaki na nyingine. Ile ya Kichina bado imeegemea ukuta wa stoo, karatasi ya kiwandani haijatoka kwenye usukani. Nilisimama mlangoni. Ukasema, "Baba, nisogezee taa." Nikakusogezea taa.

Sitakuambia wivu umekwisha, kwa sababu siandiki tena ambacho si kweli kuhusu jambo hili. Gaspari aliposema saa kumi na mbili kwamba umemwomba yeye, ulinichoma palepale pa siku ya wembe. Bado sipendi jinsi unavyomwita. Kesho nitakapoona taa ya baiskeli yako ikifuata ya kwake nitatamani sanduku lianguke, angalau mara moja, ili mrudi kulifunga upya na mimi nishike kamba. Huyo ndiye baba uliye naye. Ninachoweza kukupa si kwamba nimebadilika, ila kwamba nimelitaja.

Katika kazi yako utaandika kwenye kadi za wagonjwa. Utachoka, na utakuwa na sababu ya kuacha kitu kimoja nje, kidogo, ambacho hakuna atakayekitafuta. Nimekuwa mahali hapo. Kile kidogo ndicho nilichoamka nacho kila siku kwa miaka miwili.

Leo, baada ya kukubaliana kuhusu mbwa, nilimsindikiza Gaspari hadi njiani. Ni mara ya kwanza. Nikamuuliza jambo nililokuwa nalibeba: jina lile, Tibamanya, alimlenga nani. Alicheka mpaka akashika uzio. Akasema hakumpa yeye. Wewe ulimwokota yule mbwa kando ya njia akiwa mdogo, ukamwita hivyo, yeye akaliacha kama lilivyo.

"Muulize mwenyewe alimlenga nani," akasema.

Sitauliza. Ukitaka utaniandikia.

Nikamwambia pia kuhusu sentensi ile. Nilisema, "Niliandika mimi." Akasema, "Najua, Mwandishi." Nikamwambia nimeandika sahihisho. Akauliza nani atamsomea, maana msomaji wake anaondoka kesho.

Sahihisho lenyewe ni hili, na nakala yake ndiyo hii: *Katika habari yetu ya safari ya baiskeli ya hisani kutoka Songambele hadi Nyakahanga tuliandika kwamba Kemilembe alifundishwa na baba yake. Si kweli. Alifundishwa na Gaspari, fundi baiskeli wa Songambele. Baba yake ndiye mwandishi wa habari ile, na alijua.* Mhariri anaweza kukata maneno mawili ya mwisho. Nitamwomba asiyakate.

Gaspari anasema Tibamanya ana mimba, hawezi kukimbia hadi Omurushaka na kurudi, lakini hakubali kulala bila kutembezwa. Kesho saa kumi jioni, wewe ukiwa umeshafika Bukoba unasubiri meli, nitamtoa. Nitajaza nyasi kwenye njuga tukipita kwa watu, na tukifika rweya nitazitoa. Saa kumi na mbili Gaspari atakuwa amerudi. Tumekubaliana nimpelekee mbwa wake nyumbani, na nimsomee sahihisho lote, polepole, kabla halijaingia posta Jumatatu asubuhi.

Baba yako